Arthur Wharton, Bingwa wa Mbio za Yadi 100

Mwaka 1962 Seraphino Antao wa Mombasa alishinda mbio za yadi 100 na za yadi 220 katika mashindano makubwa ya Uingereza, yale yaliyoendeshwa na chama kiitwacho Amateur Athletic Association, au kwa kifupi A.A.A. Kabla mwaka haujaisha akashinda mbio hizo hizo mbili huko Perth, Australia, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, na jina lake likatajwa katika kila pembe ya Kenya. Lakini miaka 76 kabla ya hapo, katika mashindano hayo hayo ya A.A.A., kijana mwingine mzaliwa wa Afrika aliwaacha nyuma wakimbiaji wote wa Uingereza katika yadi 100. Jina lake lilikuwa Arthur Wharton. Habari zake ni za ushindi mkubwa, na pia za shida ambayo wanamichezo wengi wa zamani waliijua: jinsi ya kula kwa nguvu za miguu.

Wharton alizaliwa tarehe 28 Oktoba, 1865, katika mtaa wa Jamestown mjini Accra, katika nchi iliyoitwa Gold Coast mpaka ilipopata uhuru wake mwaka 1957 na kuitwa Ghana. Baba yake, Mchungaji Henry Wharton, alikuwa mtu wa kisiwa cha Grenada, mwenye damu ya Kiafrika na ya Kiskoti. Alikuja Gold Coast kuhubiri Injili kwa niaba ya Wamethodisti, ambao jina lao lajulikana sana katika Kenya pia, huko Ribe na Meru. Mama yake, Annie Florence Egyriba, alikuwa wa ukoo wa watawala wa Wafante. Basi Arthur hakuzaliwa katika nyumba ya watu wanyonge. Baba yake alifariki yeye angali mtoto, lakini jamaa walikuwa na uwezo wa kumsomesha ng'ambo, na mwaka 1882 alikwenda Uingereza ili afunzwe ualimu na uhubiri, apate kuifuata njia ya baba yake.

Alisoma kwanza Cannock, katika jimbo la Staffordshire. Kisha mwaka 1884 alihamia chuo cha Cleveland katika mji wa Darlington, upande wa kaskazini. Huko ndiko vitabu viliposhindwa na viatu vya kukimbilia. Siku zile miji ya kaskazini ya Uingereza ilikuwa imejaa viwanda, reli na machimbo ya makaa ya mawe, na wafanya kazi walikuwa wamekwisha kupata mapumziko ya Jumamosi baada ya adhuhuri. Kila mji ulikuwa na uwanja wake, na kila uwanja ulikuwa na siku yake ya michezo. Wharton alikimbia mbio za miguu, akapanda baisikeli, akacheza kriketi, na katika timu ya mpira ya Darlington akasimama golini. Hakuna mchezo aliougusa ambao hakuuweza. Jambo la kuwa mhubiri likawekwa kando, wala halikurudiwa tena.

Ili kufahamu ushindi wake, yafaa kwanza kueleza jinsi mambo ya mbio yalivyokuwa katika Uingereza. Chama cha A.A.A. kilianzishwa mjini Oxford mwaka 1880. Kabla yake mashindano makubwa yalikuwa mikononi mwa mabwana wakubwa, ambao hawakutaka mafundi na vibarua wakimbie pamoja nao, hata kama vibarua hao hawakuwahi kupokea senti moja kwa ajili ya mbio. Chama kipya kiliufungua mlango huo: mtu ye yote aliruhusiwa kushindana, awe seremala au mwana wa lodi, mradi asiwe mtu wa kukimbia kwa fedha. Aliyewahi kushindania fedha, au kufundisha mchezo ili apate riziki, alihesabiwa kuwa mchezaji wa kulipwa, na mlango ulifungwa mbele yake. Mshindi alipewa kikombe, saa, au vyombo vya nyumbani. Vitu hivyo vilikuwa vizuri kutazama, lakini havikumlipia mtu kodi ya nyumba, na si siri kwamba wako waliopeleka zawadi zao kwa mwenye duka usiku.

Sheria hiyo ilikuwa nyepesi kwa mtu mwenye mali, na nzito kwa asiye nayo. Yafaa ikumbukwe, kwa sababu ndiyo iliyoyageuza maisha ya Wharton.

Siku ya Jumamosi, tarehe 3 Julai, 1886, mashindano ya A.A.A. yalifanywa katika uwanja wa Stamford Bridge, London, mahali ambapo baadaye palikuja kuwa nyumba ya timu ya mpira ya Chelsea. Wharton alikuwa na umri wa miaka 20. Huko kaskazini watu walikuwa wamekwisha kumwona na kumsifu, lakini London ni London, na mabingwa wa kusini hawakuzoea kushindwa na kijana kutoka mji mdogo. Wharton alishinda. Wenye saa walipozitazama saa zao, zilionyesha sekunde 10 kamili. Ilikuwa mara ya kwanza muda huo kutimizwa katika mashindano ya A.A.A., nao ulihesabiwa kuwa sawa na upeo wa dunia kwa wakimbiaji wasiolipwa.

Leo sekunde 10 kwa yadi 100 huenda zisimshangaze mtu. Yadi 100 ni mita 91 na kitu, na mwaka 1963 Mwamerika Bob Hayes alizimaliza kwa sekunde 9.1. Antao alipata ushindi wake wa Perth kwa sekunde 9.5. Lakini mtu asipime mbio za mwaka 1886 kwa kipimo cha siku nyingine. Sekunde 10 kwa yadi 100 ni mwendo wa zaidi ya maili 20 kwa saa, na Wharton aliufikia mwendo huo bila ya msaada mwingi ambao wakimbiaji wa baadaye waliupata.

Kwanza, aliondoka akiwa amesimama wima. Kule kuinama, mikono ikigusa chini na mguu mmoja ukiwa nyuma, kulianza kuenea mwishoni mwa miaka ile ya 1880, na mmoja wa waliokutumia mapema ni mwanafunzi wa Amerika aitwaye Charles Sherrill, mwaka 1888. Faida yake ni kwamba mtu aliyeinama huisukuma ardhi kwa nyuma kwa nguvu zake zote, na mwili wake huenda mbele mara moja. Aliyesimama wima hupoteza hatua mbili tatu kabla ya mwili kupata mwendo. Vile vibao vya kukanyagia wakati wa kuondoka vilikuja baadaye zaidi, baada ya mwaka 1927. Tena njia za mbio zilikuwa za majani au za makapi ya makaa yaliyoshindiliwa, na mvua ikinyesha zilikuwa kama shamba lililolimwa jana.

Pili, lilikuwako jambo la saa. Watu wengi walidai sekunde 10 kabla ya Wharton, na hata chini ya hapo, lakini madai mengi hayakukubaliwa, na sababu yake ni rahisi kueleweka. Mwenye saa husimama penye utepe, yadi 100 kutoka kwa mwenye bastola. Sauti ya bastola haifiki kwake mara moja. Huchukua zaidi kidogo ya robo ya sekunde kusafiri umbali huo. Mwanga na moshi wa bastola, lakini, huonekana papo hapo. Basi mwenye saa akingoja kusikia mlio, mkimbiaji amekwisha kupewa robo ya sekunde ya bure, na kwa mtu wa mwendo kama wa Wharton robo hiyo ni zaidi ya yadi mbili. Mtu aliyekimbia kwa sekunde kumi na robo huandikwa kumi, na watu wa mji wake hushangilia. Pengine uwanja wenyewe uliteremka kidogo kuelekea kwenye utepe, au upepo ulivuma mgongoni, au mtu aliyeipima njia kwa mnyororo hakuivuta sawasawa. Ndiyo maana muda uliopatikana mbele ya waamuzi wa A.A.A. ulikuwa na uzito ambao muda wa michezo ya kijijini haukuwa nao. Upeo wa sekunde 10 ulidumu mpaka mwaka 1890, Mwamerika John Owen alipokimbia kwa sekunde 9 na nne ya tano.

Mwaka uliofuata, 1887, mashindano yalifanywa Stourbridge, na Wharton akashinda tena. Mtu hushinda mara moja kwa bahati. Kushinda miaka miwili mfululizo kuliwanyamazisha waliosema kwamba saa za Stamford Bridge ziliwahi. Katika mwaka huo huo alipanda baisikeli kati ya miji ya Preston na Blackburn kwa muda uliopita wa kila mtu aliyewahi kuijaribu njia ile.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuonekana na Preston North End, iliyokuwa mojawapo ya timu zenye nguvu kabisa za mpira katika Uingereza. Preston walikutana na Darlington, wakamwona golini, wakamtaka. Alijiunga nao akiwa mchezaji asiyelipwa, naye alikuwa golikipa wao walipofika nusu fainali ya Kombe la F.A. mwaka 1887, walipofungwa na West Bromwich Albion mabao 3 kwa 1. Watazamaji walimpenda, lakini si waandishi wote wa magazeti. Mmoja aliandika maneno ya dharau juu ya rangi yake, akisema kwamba hana akili ya kutambua kuwa goli si mahali pa mzaha. Maneno kama hayo hayakusemwa juu ya magolikipa Wazungu, ingawa baadhi yao walifanya mzaha mkubwa zaidi. Wharton aliishi na maneno hayo miaka yote aliyokuwa mchezaji, naye hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa.

Mwaka 1888 aliondoka Preston ili ashike mbio kwa bidii zaidi. Ukiyatazama mambo baada ya kwisha, uamuzi huo waonekana kuwa mbaya sana, kwa maana mwaka huo huo ligi ya kwanza ya mpira ilianzishwa, na Preston wakaichukua bila kufungwa hata mchezo mmoja, wakachukua na Kombe la F.A. bila kufungwa hata bao moja. Wharton angekuwamo. Lakini mtu huamua kwa yale ayaonayo siku ile, na siku ile Wharton aliona kwamba ana vikombe viwili vya A.A.A. na mfuko mtupu.

Basi akaingia katika mbio za fedha. Mji wa Sheffield ulikuwa na mashindano mashuhuri ya namna hiyo, na watu walifika kwa maelfu. Katika mbio hizo wakimbiaji hawakuondoka mahali pamoja. Yule aliyejulikana kuwa na mbio aliwekwa nyuma, na wengine walitangulizwa mbele yake kwa yadi kadhaa, kila mtu kwa kadiri ya udhaifu wake, ili wote wafike kwenye utepe karibu pamoja. Kusudi la mpango huo lilikuwa ni kamari. Wenye fedha waliweka dau juu ya mkimbiaji huyu au yule, na wakimbiaji wengine walijificha miezi mingi, wakabadili majina yao, au wakajifanya wazito katika mashindano madogo, ili siku ya siku watangulizwe yadi nyingi. Wharton hakuweza kujificha. Jina lake lilijulikana na uso wake ulijulikana zaidi. Hata hivyo mwezi wa Septemba, 1888, alishinda katika Sheffield.

Tangu siku alipopokea fedha hizo hakuweza tena kukimbia chini ya A.A.A. Wala hakukuwa na njia ya kurudi. Katika mpira mambo yalikuwa tofauti: wakuu wa mpira walikuwa wameruhusu wachezaji walipwe tangu mwaka 1885, kwa kuwa waliona hawawezi kuwazuia. Kwa hiyo mtu aliyefungiwa mlango wa mbio aliweza kupata mshahara katika mpira, na mwaka 1889 Wharton aliandikwa na timu ya Rotherham Town kuwa mchezaji wa kulipwa. Kwa sababu hiyo wengi humtaja kuwa mmoja wa watu weusi wa kwanza duniani kucheza mpira kwa mshahara. Mwaka 1890 alioa katika mji huo wa Rotherham, na kwa muda alisimamia nyumba ya pombe, kama walivyofanya wachezaji wengi wa zama zile.

Kazi ya golikipa wakati huo haikuwa kama ilivyokuja kuwa baadaye. Washambuliaji waliruhusiwa kumsukuma kwa bega mpaka ndani ya goli, mpira ukiwa mikononi mwake, na ikawa bao halali. Golikipa asiyekuwa na mbio aliumia, na asiyekuwa na ngumi aliumia zaidi. Wharton alikuwa na vyote viwili. Ilisemwa kwamba aliupiga mpira kwa ngumi ukaenda mbali kuliko wengine walivyoweza kuupiga kwa mguu, na kwamba pengine alichutama kando ya mwamba wa goli kama asiyejali, kisha akaruka dakika ya mwisho. Mtazamaji mmoja aliandika katika gazeti la Sheffield miaka mingi baadaye, wakati wa vita vya pili vya dunia, kwamba alimwona akirukia mti wa juu wa goli, akaning'inia, akaudaka mpira kwa miguu yake, na washambuliaji watatu waliokuja mbio wakapita chini yake wakaangukia ndani ya wavu. Aliyeandika alikuwa mzee akikumbuka ujana wake, na mtu aweza kupunguza kidogo. Lakini hakuna aandikaye habari kama hizo juu ya golikipa wa kawaida.

Mwaka 1894 Sheffield United walimchukua. Bahati mbaya walikuwa pia na golikipa kijana aitwaye William Foulke, mtu mkubwa mno, ambaye baadaye uzito wake ulipita paundi 300, na mtu wa namna hiyo akisimama golini hapabaki nafasi kubwa, wala ya mpira wala ya golikipa mwingine. Wharton alicheza michezo michache tu, mmojawapo katika Daraja la Kwanza dhidi ya Sunderland mwaka 1895. Baada ya hapo alikwenda Stalybridge Rovers, kisha Ashton North End, ambako alifungua duka la tumbaku. Timu ile ilifilisika mwaka 1899. Akarudi Stalybridge, na mwisho akacheza Stockport County, katika Daraja la Pili, mpaka mwaka 1902. Alikuwa na umri wa miaka 36. Muda wote huo alikuwa akicheza kriketi pia katika vilabu vya Yorkshire na Lancashire wakati wa kiangazi, kwa maana mshahara wa mpira haukutosha mwaka mzima.

Ulevi ulikuwa umekwisha kumshika. Aliacha michezo, akaingia katika kazi ya machimbo ya makaa ya mawe, na hatimaye akawa mkokotaji wa makaa katika machimbo ya Yorkshire Main, katika kijiji cha Edlington, karibu na Doncaster. Kazi ya mkokotaji ni kuyatoa makaa kutoka mahali yanapochimbwa chini ya ardhi mpaka kwenye shimo la kupandishia, na ni kazi ya giza, vumbi na mgongo uliopinda. Haikuwa aibu, maelfu ya watu waaminifu wa Yorkshire waliishi kwayo, na wachezaji wengi wa siku hizo, weupe kwa weusi, waliishia huko huko walikotoka. Ila Wharton hakutoka huko. Alikuwa ametoka katika nyumba ya mchungaji na ukoo wa watawala.

Alifariki tarehe 13 Desemba, 1930, akiwa na umri wa miaka 65, akazikwa Edlington katika kaburi la watu wa daraja la tatu, bila jiwe wala jina. Kwa miaka 67 mtu aliyepita pale hakuweza kujua ni nani aliyelala chini. Katika muda huo mabingwa weusi wa mbio walitokea na kusifiwa duniani kote: Eddie Tolan alichukua nishani za dhahabu za mita 100 na 200 huko Los Angeles mwaka 1932, na Jesse Owens akachukua nne huko Berlin mwaka 1936, miaka 50 kamili baada ya siku ile ya Stamford Bridge. Habari za Wharton zilikuwa zimelala katika magazeti ya zamani ya Darlington, Preston na Sheffield, mpaka wako watu walioanza kuzifunua kurasa zake.

Mwaka 1997 kaburi lilipata jiwe lenye jina lake, kwa juhudi za watu wa Sheffield waliokuwa wakipinga ubaguzi katika mpira. Mwaka 2003 aliingizwa katika orodha ya heshima ya wachezaji mpira wa Uingereza, na mwaka 2014 sanamu yake kubwa ya shaba ilisimamishwa huko St George's Park, mahali timu za taifa za Uingereza zifanyiapo mazoezi. Sanamu hiyo inamwonyesha akiruka juu, mkono wa mbele umenyoka, akiusukuma mpira upite juu ya mwamba wa goli. Mahali alipokimbilia sekunde zile 10, huko Stamford Bridge, watu huja siku hizi kutazama mpira.